Kumwombea Mama Aliyeko Wosesta

Jumamosi iliyopita nilikuwa Tandale nachambua mitumba. Mie si mtu wa kununua nguo iliyotundikwa. Lazima niiname mwenyewe, niingize mkono kwenye rundo, nifukue mpaka chini. Kijana muuzaji alikuwa ndiyo kwanza anafungua robota, ile harufu ikapanda, harufu ya dawa na ya makabati ya watu tusiowajua, na wote mnaochambua mitumba mnaijua. Nikaibuka na sweta la mtoto, la kijani, bado lina kikaratasi cha duka la huko lilikotoka. Kijana akakinyakua akakisoma kwa sauti ili wateja wote wasikie.

"Sista, cheki mwenyewe! Wo-se-sta! Mali ya Uingereza hiyo!"

"Wusta," nikamwambia.

"Ati?"

"Wanaandika hivyo, lakini wenyewe wanasema Wusta."

Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Kumbe sista umekaa mamtoni bwana! Mbona hufanani?"

Sijakaa mamtoni. Ndege nazionaga zinapita juu ya bati langu, basi. Nililipa bila kubembeleza bei, jambo ambalo watu wa nyumbani kwangu nikiwasimulia hawataamini, nikaondoka na sweta lisilomtosha mtoto wangu hata mmoja. Nilipofika barabarani nilikibandua kile kikaratasi, nikakikunja nikakitia pochini. Mtu mzima, na akili zangu, nababaishwa na kikaratasi! Nilijikasirikia sana.

Tulikuwa tunakaa Chang'ombe, vyumba viwili na ukumbi, jirani na viwanda, mahali ambapo ukianika shuka jeupe asubuhi, jioni unaanua la kijivu. Baba alikuwa karani wa ghala. Mama alikuwa muuguzi, na alikuwa amepata kazi Uingereza, kwenye nyumba wanakotunza wazee. Bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka Songea aje akae na mie. Alifika na kuku wawili na malalamiko mengi kuhusu joto.

Usiku wa kuaga, mama aliandika jina la mji wake kwenye kalenda ya ukutani, kwa herufi kubwa, ili tusilisahau. WORCESTER. Baba akalisoma Wosesta. Mama mwenyewe akalisoma Wosesta. Mie nilikuwa darasa la tatu na nilishajiona nimemaliza Kiingereza, nikalisoma Wosesta. Bibi, ambaye kila neno la kigeni aliliongezea kidogo cha kwake, akasema Wosesita, akauliza kama huko wanakula ugali. Tukacheka sote, na mama alicheka kuliko wote. Kisha akanyoosha vidole viwili mbele ya pua yangu akasema, "Miaka miwili tu. Ukiingia darasa la tano, mie huyo mlangoni."

Jina lile nililitumia vibaya, nakiri. Shuleni wenzangu mama zao walikuwa sokoni, ofisini, wengine wanakaanga maandazi pale pale nje ya geti. Wangu alikuwa Wosesta. Mtu akinisukuma kwenye foleni ya maji, nilimwambia, "Mama yangu yuko Wosesta, utaona!" Ataona nini, sijui, lakini neno lilikuwa na uzito mdomoni, na wengi walinipisha. Mwalimu wa Kiingereza mwenyewe aliniita mbele ya darasa nilitamke, naye akalirudia nyuma yangu polepole, Wo-se-sta, darasa zima likaitikia. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa sina mfano.

Sasa kuna jambo la jumuiya. Sisi Wakatoliki wa mtaa mmoja tulikuwa tukikutana kila Jumamosi alfajiri kabla watu hawajaenda kwenye shughuli zao, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, kwa zamu. Mnakaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, mnasoma Injili, halafu kila mwenye nia anaitoa kwa sauti na wote wanaitikia. Huyu anamwombea mgonjwa, yule mtoto wake afaulu, mwingine mume aache pombe, na mume yupo pale pale anaangalia kucha zake. Mama alipoondoka, mwenyekiti wetu, Mama Filomena, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alisema nia ya mama nitaitoa mie. "Malaika wa Mungu wanasikia mtoto upesi," alisema. Basi kila Jumamosi nilisimama, nimeoshwa uso na maji ya baridi, nikasema:

"Tumwombee mama yangu aliyeko Wosesta, Uingereza, Mungu amlinde na baridi, amrudishe salama. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," wakaitikia.

Na Mungu alisikia, mwanzoni. Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili saa kumi, kwenye duka la Ami Hilali pale kona. Ami Hilali alikuwa Mwarabu wa tangu zamani pale mtaani, baba yake aliuza sukari duka lile lile, na simu yake ya mezani ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama vile inalala. Ikilia, alikuwa akitoka hadi barazani anaita kwa sauti ya adhana, "Ee nyie wa Songea! Simu yenu!" Tulikwenda mbio, bibi nyuma yetu na kandambili zake. Kila mtu alipata dakika moja. Mama aliuliza nimekula nini, nami niliuliza ameona theluji, tukamaliza.

Mwaka wa pili simu zikaanza kuruka. Jumapili hii ipo, ile haipo. Kisha zikaja Jumapili tatu mfululizo tumekaa barazani kwa Ami Hilali tumevaa nguo za kanisani, tunaitazama simu chini ya kitambaa chake. Ami alijifanya anapanga vibiriti. Kisha nikapoteza hesabu ya Jumapili. Baba akasema simu za kule zina matatizo. Bibi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa anachagua, "Maji yakimwagika hayazoleki." Nikaangalia sakafuni, sikuona maji. Nilimwona bibi amezeeka ghafla.

Barua ilikuja wakati huo. Najua kwa sababu niliiona bahasha, ina stempu ya malkia, baba ameikunja mara mbili na kuitia mfuko wa shati. Niliruka kwa furaha. "Mama kasema nini?"

"Anawasalimu."

"Nisome."

"Ni ya wakubwa," akasema, akaingia chumbani akafunga mlango. Baba hakuwa mtu wa kufunga mlango mchana. Tangu siku ile aliacha kuja jumuiya. Jumamosi alfajiri alikuwa na udhuru kila wiki, mara kichwa, mara kazini wamemwita. Nilimwona mvivu wa sala, na nilimwambia hivyo. Alivaa viatu akatoka, na mie nilifikiri nimeshinda.

Ndipo akaja padre mgeni. Alikuwa Mwingereza, mrefu, shingo nyekundu, amekuja parokiani kwetu kwa majuma machache tu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kusoma kwenye karatasi. Baada ya misa, bibi alinisukuma mgongoni. "Nenda kamwambie mama yako yuko kwao. Huenda wanajuana. Amwambie apige simu." Kwa bibi, Uingereza ilikuwa kijiji kidogo ambapo ukikosa chumvi unaazima kwa jirani, na mie niliona wazo lake ni la maana kabisa.

Nikamsalimu shikamoo. Akaitikia vizuri. Nikamwambia mama yangu yuko Wosesta. Akainama, akaweka mkono sikioni. Nikarudia. Akatabasamu kwa adabu, ule uso wa mtu asiyeelewa kitu. Nikarudia kwa nguvu, watu wakageuka. Sikukubali kushindwa, gari la parokia lilikuwa pale limejaa vumbi, nikaliandika jina lote kwa kidole kwenye kioo, herufi kwa herufi, kama lilivyokuwa kwenye kalenda.

"Aa!" padre akasema, uso ukamfunguka. "Wusta!"

"Hapana, Padre. Wosesta."

Akacheka kwa wema, akatikisa kichwa. "Wosesta, hapana. Wusta. Mimi najua. Mji nzuri, iko mto. Wusta." Akanibariki kichwani, akaenda kusalimia wengine.

Nilibaki pale jua linanichoma. Padre hadanganyi, na mwenyewe ni wa kule. Kwa hiyo sisi ndio tuliokosea, sisi na mwalimu wa Kiingereza na darasa zima na Mama Filomena na jumuiya yote, kila Jumamosi, tangu mama aondoke. Wakati huo nilikuwa na akili ya miaka kumi na Ami Hilali alishanifundisha kitu kimoja kuhusu simu: ukikosea namba moja tu, inalia nyumba nyingine, na mtu mwingine anapokea. Basi nikaelewa kila kitu. Kama mama yuko Wusta na sisi tunaomba Wosesta, basi ulinzi wote ulikuwa unakwenda Wosesta. Uingereza ni kubwa, haukosi kuwapo mji wa jina hilo. Na huko Wosesta kuna mama mwingine, wa mtoto mwingine, anaota jua la sala zetu, hapati hata mafua, nguo zinamkauka, simu yake haikatiki. Mama yangu yuko Wusta peke yake kwenye baridi, hakuna anayemwombea. Ndiyo maana kanyamaza. Labda anaumwa. Labda amekufa na hakuna anayejua pa kutuletea habari.

Nilimchukia yule mama wa Wosesta. Nawaambia kweli, sijamchukia mtu hivyo tena maishani. Nilikuwa nikilala namwona, mnene, mashavu yanang'aa, anakula vya mama yangu.

Nilimweleza bibi siku hiyo hiyo, jikoni, huku namenya vitunguu na kulia kwa sababu mbili. Bibi alinisikiliza, akapiga ulimi.

"Mungu ndiye aliyeumba huo mji wenyewe. Atashindwa kujua jina lake?"

"Kaumba vyote, bibi, ndiyo maana lazima umwambie kipi!"

"Toka hapa. Sie Songea tuliomba mvua, hatukumtajia Mungu jina la wingu."

"Mvua si mama!"

Bibi aliweka kisu chini. Akanyoosha mkono akanifuta kamasi na kona ya khanga yake, akaendelea kumenya. Sikujua wakati ule kwamba bibi akinyamaza ni kwa sababu analo jibu na hataki kulisema.

Nikaenda kwa Ami Hilali, maana yeye ndugu zake wako nje na alijua mambo ya miji. Nikamuuliza Maskati kwa Kiingereza inaitwaje. "Maskat," akasema.

"Na dada yako yuko wapi, Maskati au Maskat?"

Akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Dada yangu yuko Maskati, mwanangu. Wakati anaondoka aliniambia anakwenda Maskati, basi mie namjua yuko huko huko." Kisha akaacha kucheka. "Kila mwaka ananiambia anakuja. Haya, chukua pipi uende." Nikachukua pipi, lakini niliona hajanisaidia kitu. Watu wazima wote walikuwa wamelala usingizi, na mama anapotea.

Zamu yetu ya jumuiya ilifika Jumamosi iliyofuata. Hii ilikuwa bahati, kwa maana nyumba ikiwa yenu, una sauti. Bibi alipika chai ya tangawizi na mihogo. Na baba, kwa kuwa watu wako kwake, hakuweza kuwa na udhuru. Alikaa pembeni karibu na mlango, amevaa shati lake la ghalani tayari kuondoka. Injili ikasomwa. Watu wakatoa nia zao. Mama Filomena akanikonyeza.

Nikasimama. Sikutoa nia. Nikasema, "Kwanza tumekosea." Nikawaeleza. Padre kasema. Mji si Wosesta, ni Wusta. Sala zote zimekwenda kwa mtu mwingine. Lazima leo kila mtu aseme vizuri, mmoja mmoja, ili ifike.

Watu walitazamana. Mzee mmoja wa nyuma akakohoa kicheko. Mama Filomena, Mungu ampe pepo, hakucheka. Alisema, "Haya mwalimu, tufundishe," na akasema Wusta. Nikamsahihisha, akarudia. Nikaenda mkeka hadi mkeka. Wusta. Wusta. Wengine walisema Usta, wengine Wasta, nikawashikilia mpaka wakaweza. Bibi nilimbana mpaka akasema, "Haya, Wusita, umeridhika?" Nikamwambia sijaridhika, lakini bibi ni bibi.

Akabaki baba.

"Baba, sema."

Alikuwa anaangalia chini. "Endelea na sala, mama," akasema. Alikuwa ananiitaga mama akiwa ananibembeleza.

"Mpaka useme. Wusta."

"Watu wanachelewa kazini."

"Neno moja tu! Wu-sta! Kwani gumu?"

Nilimwona anafungua mdomo. Naapa alijaribu. Midomo ilijikusanya kama ya mtu anayetaka kupuliza kitu, halafu akaifunga. Sasa nikikumbuka nyuso za ukumbini siku ile, akina mama wote wameinamisha vichwa, najua kwamba kila mtu mle ndani alikuwa na habari isipokuwa mie. Wakati ule niliona kitu kimoja tu, kwamba baba anakataa. Hasira zangu hizi nimezaliwa nazo. Nikapiga mguu chini nikamwambia mbele ya jumuiya nzima:

"We ndo hutaki mama arudi!"

Bibi alinifinya mkono mpaka leo nausikia. Baba hakunipiga, hakunigombeza. Alisimama, akasema "Mtaniwia radhi" kwa Mama Filomena, akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona anakwenda njia isiyokuwa ya kazini kwake. Mama Filomena akafunga sala mwenyewe, haraka haraka, na nia ya mama akaitoa yeye, kwa jina sahihi, huku sauti yake ya kengele imepasuka. Ee Bwana. Twakuomba utusikie.

Kesho yake, Jumapili, saa kumi na dakika chache, Ami Hilali alitoka barazani akaita.

Mnaweza kufikiri nilivyokimbia. Nilipita wavulana wanacheza mpira nikakatisha katikati ya goli lao, wakanitukana, sikujali. Miezi yote ile kimya, na Jumamosi moja tu ya jina sahihi, simu hiyo! Mungu hata hakuchelewa. Nilikuwa nalia na kucheka, najiambia, ilikuwa rahisi hivi, ilikuwa neno moja tu, na hakuna hata mkubwa mmoja aliyeligundua, nimeligundua mie.

Baba alifika nyuma yangu, hakukimbia. Alichukua simu kwanza. Akageuka akatazama rafu ya sabuni.

"Ndiyo," akasema. "Niliipata. Nimeisoma." Akasikiliza muda mrefu. Niliruka ruka pembeni, namvuta shati. "Hapana," akasema. "Hapana. Hilo mwambie mwenyewe. Mie siwezi. Nimejaribu, siwezi. Mwambie mwenyewe."

Akanipa simu, akatoka akakaa kwenye ngazi ya duka, mgongo kwetu.

"Mwanangu!" Sauti ya mama ilikuwa karibu kuliko siku zote.

"Shikamoo mama! Mama, tulikuwa tunakosea! Si Wosesta! Ni Wusta! Nimewafundisha jumuiya yote, hata bibi, ndiyo maana umepiga!"

Mama alicheka kidogo. "Ee, umejua? Hata mie wenzangu kazini walinicheka. Wiki ya kwanza tu, nikaacha."

Wiki ya kwanza. Nilisimama na lile neno. Jumapili zote zile za dakika moja moja, mama anajua, na sisi tunamuuliza habari za Wosesta, naye anajibu nzuri.

"Mbona hukutuambia?"

"Aa, niliona nyie mmeshazoea," mama akasema. "Hapa Wusta sasa hivi kuna baridi, we acha tu."

Alilipitisha jina kama vile mtu anavyosema Chang'ombe. Halikumsimamisha hata kidogo. Mie nilikuwa nimelihangaikia wiki nzima mpaka taya zikauma, na yeye lilimtoka lenyewe, likapita, akaendelea na baridi. Sikujua kwa nini moyo ulinishuka, ila ulishuka.

"Mama, unarudi lini? Mie naingia darasa la tano."

Kule upande wa pili kulikuwa na mtu mwingine chumbani. Nilisikia mlango, na mama akafunika simu kwa mkono, akarudi.

"Nitakuja, mama yangu. Mambo yakikaa sawa nitakuja kutembea. Sawa? Nitakuja kutembea."

Kutembea nilikujua. Shangazi wa Songea alikuwa akija kutembea. Alikuja na begi dogo, akapewa kitanda changu, bibi akamchinjia kuku, na siku ya tatu alianza kuulizia basi la kurudi kwake. Nilisubiri mama ajisahihishe. Nilikuwa na mazoea ya kusahihisha watu wiki ile, nikafikiri naye atasema, samahani, nilitaka kusema kurudi. Nilimsikia anapumua.

"Baba yako amesema nikwambie kitu," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akapumua tena. Ami Hilali alikuwa ameacha vibiriti, amesimama tu na kimoja mkononi.

"Soma kwa bidii," mama akasema. "Umsikilize bibi. Umenisikia mwanangu? Umsikilize sana bibi." Na simu ikakatika, au aliikata, sijui. Niliendelea kuishika sikioni, inanililia ule mlio wake, mpaka Ami Hilali akaja akaichukua kwa upole akaifunika na kitambaa chake.

Nikatoka. Baba aliinua uso. Watu walikuwa wanapita wanakwenda misa ya jioni, wanamsalimu, naye anawaitikia bila kuwaona. Nimewahi kumwona baba akiwa na homa, nimemwona amefiwa, sijamwona kama alivyokuwa kwenye ngazi ile. Kama ningesema mama hajaniambia kitu, ingebidi aseme yeye. Pale pale. Na jana yake tu nilikuwa nimemlazimisha neno moja mbele za watu, nikaona midomo yake inavyoshindwa.

"Amekwambia?" akauliza.

"Ndiyo."

"Amekwambia yote?"

"Yote."

Pumzi iliyomtoka sijui alikuwa ameishikilia tangu lini. Akaniweka mkono kichwani. "Pole mwanangu," akasema, "pole sana, umekuwa mkubwa," na machozi yakamtoka, mtu mzima, barabarani. Nikamwambia asante. Sikuwa najua nashukuru nini.

Basi ikawa nimeambiwa. Baba alimwambia bibi, bibi akamwambia Mama Filomena, na mtaa mzima ukapumua. Nilisikia bibi anasema na jirani uani, "Mtoto kaambiwa na mama yake mwenyewe, kapokea, hana neno." Hawakunificha tena wala hawakunieleza. Walikuwa wakizungumza juu yangu nusu nusu, kama mnavyozungumza na mtu anayejua, na mie nilitikisa kichwa. Ningeulizaje? Utaulizaje jambo ambalo ulishasema unalijua? Kwamba kuna mume huko, kwamba kuna mtoto, kwamba baba aliombwa talaka kwenye barua yenye stempu ya malkia na kanisa letu halina talaka, hayo niliyaokota mwenyewe, kipande hapa kipande pale, na kipande cha mwisho nilikipata nikiwa nimeshamaliza shule. Kulala kitandani usiku umri wa miaka kumi na kubahatisha mwenyewe umefanyiwa nini, hilo sitamtakia mtoto wa mtu yeyote. Mama hakuja, hata kutembea.

Bibi alitangulia. Baba tulimzika juzi juzi hapa. Wiki yake ya mwisho nilikuwa namlisha uji hospitalini, sauti imebaki kidogo, akanishika mkono akasema yapo mambo mengi ameshindwa kumsamehe mama yangu, na sasa hana muda wa kuyapanga. "Lakini moja namshukuru mpaka kaburini," akasema. "Alikwambia mwenyewe. Mie nisingeweza."

"Ndiyo, baba," nikasema. "Aliniambia."